Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuuza muziki mtandaoni

Nimeyakusanya haya maswali kutoka kwa wasanii wanaoanza, wengi wa hapa Dar na mikoani, wengine wa Mombasa na Nairobi, na wachache walioko Muscat na Ulaya ambao wanaimba kwa Kiswahili wakiwa hukohuko. Pale penye pesa na haki nimejibu kwa kirefu kwa sababu hapo ndo watu wanapoumia, kwingine nimepita haraka.

Hivi kweli mtu anaweza kuishi kwa muziki wa mtandaoni bila kuwa na lebo?

Anaweza, ila asitegemee sehemu moja. Pesa ya mtandaoni inakuja kidogokidogo kutoka sehemu nyingi, YouTube kidogo, app za kusikilizia muziki kama Boomplay kidogo, Spotify kidogo, miito ya simu (wimbo anaousikia anayekupigia) kidogo, afu ukijumlisha na shoo ambazo hizo nyimbo zimekuletea ndo unaona kodi ya nyumba inalipika. Watu wanamwangalia Diamond Platnumz, ambaye mwaka 2020 chaneli yake ya YouTube ilivuka kutazamwa mara bilioni moja, wanaona huo ndo muziki wa mtandaoni. Huyo kaanza miaka mingi nyuma, ana timu, ana lebo, ana media yake. We kipimo chako cha kwanza kiwe hiki: nyimbo zako zikusaidie kulipia studio ya wimbo unaofuata bila kukopa. Ukifika hapo tayari una biashara, na mimi nawaheshimu sana wanaofika hapo maana ni wachache kuliko unavyodhani.

Spotify inalipa shilingi ngapi kwa strimu moja?

Hamna bei ya strimu moja, yaani wimbo kusikilizwa mara moja, na yeyote anayekupa namba kamili anakudanganya. Inavyokwenda ni hivi, pesa ya mwezi ya nchi husika, ile ya wanaolipia kifurushi na ya matangazo, inakusanywa, Spotify wanatoa chao, inayobaki inagawanywa kufuata nyimbo za nani zimesikilizwa kiasi gani kati ya zote. Ndo maana msikilizaji wa Ujerumani anakuletea zaidi kuliko msikilizaji wa Mbeya, siyo kwamba wa Mbeya hana thamani, ni kwamba kifurushi cha kule ni ghali na cha huku ni rahisi, na wengi wetu tunasikiliza bure na matangazo.

Kuna kitu cha pili ambacho wengi hawajakisikia. Tangu mwaka 2024 Spotify wana sheria kwamba wimbo usiofikisha strimu 1000 ndani ya miezi 12 haulipwi kabisa kwenye upande wa rekodi (rekodi na utunzi nimevitofautisha huko chini). Kwa hiyo ukiwa na nyimbo 20 na kila moja ina strimu 300 unapata sifuri, mwenzako mwenye nyimbo 3 zilizosikilizwa vizuri anapata chochote. Ndo maana nawaambia watu punguzeni kutoa ngoma kila wiki, toeni chache mzipiganie.

Spotify walikuja rasmi Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi mwaka 2021, kwa hiyo huku kwetu bado ni wageni. Waswahili walioko nje ndo wanaitumia sana, na hao usiwasahau kabisa. Ukifungua Spotify for Artists, ile sehemu ya msanii kuona takwimu zake, utaona miji unakosikilizwa, ukikuta London au Minneapolis inapanda, ujue kuna mtu kule anakupigia kwenye gari kila siku, posti kwa ajili yao pia, na angalia saa ya kwao siyo ya kwako tu.

Na Boomplay, Audiomack, Mdundo?

Zote weka. Boomplay ilianzia Nigeria mwaka 2015 ikiwa inakuja ndani ya simu za Tecno, ndo maana mtu wa kawaida Tandika au Kisumu anaijua kabla hajaijua Spotify. Audiomack ni bure kusikiliza na inakubali kudaunlodi ndani ya app, jambo ambalo kwa watu wa bando la MB chache ni kubwa. Mdundo wenyewe ni wa Nairobi, watu wanadaunlodi bure na wasanii wanalipwa kutokana na matangazo, mwaka 2020 kampuni yao iliingia soko la hisa la Copenhagen. Pesa ya hapa kwa kila msikilizaji mmoja ni ndogo, ila ndipo walipo mashabiki wanaokuja kwenye shoo yako.

Nitumie msambazaji gani kupandisha nyimbo?

Msambazaji ni kampuni inayokupandishia nyimbo Spotify, Boomplay na kwingine. Angalia vitu vitatu: unalipaje, wanachukua asilimia ngapi, na ukiacha kulipa nini kinatokea. DistroKid unalipa ada ya mwaka unapandisha nyimbo utakavyo, lakini ada ikikatika nyimbo zinashuka, isipokuwa zile ulizozilipia ziada zibaki. Nimeona hii inawakuta watu vibaya, mtu kaweka kadi ya rafiki yake, mwaka umeisha kadi haina salio, asubuhi anaamka nyimbo zake hazipo popote na zile strimu alizokuwa nazo anaanza kuzihangaikia upya. CD Baby unalipa mara moja kwa kila toleo na wanakata asilimia 9 ya mapato, kwa anayetoa wimbo mmoja mmoja kwa mwaka hiyo inafaa zaidi. Kuna kampuni zinazofanya kazi hukuhuku kama Ziiki Media na Africori, hawa mara nyingi wanachagua wasanii wa kufanya nao kazi na wanachukua asilimia, faida yake una mtu wa kumpigia simu.

Kuna na wale "nitakupandishia mimi" wa mtaani, anakuchaji elfu thelathini anapandisha kwenye akaunti yake. Usikubali, hata awe rafiki yako wa damu. Akaunti ni yake, pesa inaingia kwake, ripoti anaiona yeye, na siku mkikosana nyimbo zako zipo mikononi mwake. Kama huna kadi, siku hizi mitandao ya simu ina kadi za kidijitali za kulipia mtandaoni, ulizia kwa wakala au duka la mtandao wako, ufungue akaunti kwa jina lako na imeili yako.

Kava langu limekataliwa, nimekosea wapi?

Naweza kukisia bila kuliona. Umeandika namba ya booking chini, umeweka alama ya Instagram na YouTube pembeni, na juu kuna "OUT NOW" kwa maandishi ya dhahabu. Hilo ni bango la kuposti, siyo kava. Kwenye maduka, yaani Spotify, Apple Music, Boomplay na wenzao, kava inatakiwa iwe mraba, saizi 3000 kwa 3000, jina la msanii na la wimbo vifanane na ulivyojaza kwenye fomu, bila namba za simu, bila linki, bila alama za mitandao, na bila picha ya kuokota Google. Mwambie mtu wa grafiki akutengenezee mbili, bango la mtandaoni na kava safi, kazi kubwa ni ileile, anafuta maandishi tu.

Na hilohilo la ubora liangalie kwenye sauti. Prodyuza akikutumia wimbo kwa WhatsApp hakikisha ametuma kama dokumenti na ni WAV (faili la sauti lisilobanwa), akituma kama audio ya kawaida unapata faili lililobanwa, afu unalipandisha hilo na kushangaa mbona besi imekufa.

Wimbo wangu umeingia kwenye ukurasa wa msanii mwingine kabisa, nifanyeje?

Jina. Kabla hujajiita jina lolote litafute Spotify, Apple Music, Boomplay na YouTube, ukikuta wapo wengine badilisha mapema, wakati bado hakuna anayekujua. Majina ya neno moja kama Prince au Queen yamejaa dunia nzima. Kama imeshatokea, waandikie msambazaji wako, wape linki ya ukurasa usio wako na linki ya wako, wanahamisha, inachukua siku kadhaa. Na jina uliandike vilevile kila mara, leo "Kijana Mo", kesho "Kijanamo", keshokutwa "Kijana Mo ft. fulani" kwenye sehemu ya jina la msanii, mashine inaona watu watatu tofauti. Aliyeshirikishwa ana sehemu yake kwenye fomu, mjaze pale.

Biti nimeidaunlodi YouTube, imeandikwa "free", shida iko wapi?

Shida ni kubwa na ndo chanzo cha ugomvi mwingi ninaousuluhisha. Zile biti za bure maana yake ni bure kuimbia, siyo bure kuuza. Ukiipandisha kwenye maduka bila leseni mwenye biti anaweza kushusha wimbo wako siku yoyote, na ana tabia ya kusubiri mpaka ukubalike.

Tuseme umelipa dola 30 ukapata leseni ya kawaida. Soma ile karatasi! Mara nyingi hiyo leseni si ya peke yako, watu wengine wamenunua biti hiyohiyo, mmoja yupo Atlanta mwingine yupo Lagos. Mara nyingi ina kikomo cha strimu, ukikivuka unatakiwa uongeze pesa. Na karibu zote zinakukataza kuuingiza wimbo kwenye Content ID ya YouTube. Content ID ni ule mfumo unaotambua sauti kwenye video za watu wote. Sasa we ukitiki kile kiboksi kwa msambazaji ili "ulipwe kila anayetumia wimbo wako", mfumo unachukua biti nzima kama mali yako, unaanza kumdai yule wa Atlanta, wa Lagos, na mwenye biti mwenyewe. Wanalalamika, msambazaji anaangalia, anakuta huna haki, anakufungia akaunti na pesa iliyomo inaganda. Hata zile nyimbo zako nyingine ambazo hazina tatizo lolote zinakwenda na maji.

Kwa hiyo kama wimbo unauamini, tengenezewa biti na prodyuza wa kwenu, kaa naye studio, mwandikishane. Ni ghali kidogo leo, ila unakuwa na wimbo ambao unaweza kuutetea popote.

Tukiandikishana na prodyuza, tugawaneje?

Hapa naomba usome taratibu. Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi, yaani ile sauti iliyorekodiwa studio siku ile. Mtu akirudia wimbo wako kwa gitaa kanisani anatumia utunzi wako, hajagusa rekodi. Msambazaji kama DistroKid anakusanya pesa ya rekodi. Pesa ya utunzi inapita njia nyingine, kwenye vyama vya hakimiliki na wakusanyaji wa haki za utunzi, na wasanii wengi wa huku hawajawahi kuiona hata siku moja kwa sababu hawakujiandikisha popote kama watunzi. Marekani kwa mfano kuna taasisi inaitwa The MLC, imeanza kukusanya mwaka 2021, inagawa pesa za utunzi kutoka kwenye strimu za kule, mtunzi wa nje ya Marekani anaruhusiwa kujiunga na ni bure. Kama una wasikilizaji kule jiandikishe.

Mazoea yetu ni kwamba unakwenda studio, unalipa laki moja au mbili, unapewa wimbo, mnapeana mikono. Hapo hakuna aliyejua kama ile laki ni ya kununua biti moja kwa moja au ni ya muda wa studio tu. Wimbo ukilala hakuna ugomvi. Wimbo ukitembea, prodyuza anasema biti ni yangu, msanii anasema nilikulipa, aliyeandika vesi ya pili anajitokeza, mpiga gitaa naye anajitokeza, na wote wana haki ya kukasirika maana hakuna aliyeambiwa kitu mwanzoni.

Dawa ni karatasi moja tu, na muda wake ni usiku uleule kabla hamjatoka studio. Andikeni jina la wimbo, tarehe, na majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, siyo "Mkali Beats" peke yake. Chini yake utunzi, nani asilimia ngapi mpaka ifike 100. Chini yake tena rekodi, nani asilimia ngapi mpaka ifike 100. Andikeni pesa iliyolipwa ni ya nini. Aliyeshirikishwa kama amelipwa mara moja na hadai tena, au ana asilimia, liandikwe. Wote wasaini, kila mtu apige picha na simu yake. Hamna asilimia iliyoandikwa mbinguni, wengine wanagawana utunzi nusu kwa nusu na prodyuza na kumpa kipande cha rekodi, wengine wananunua biti yote kwa bei ya juu wasidaiane tena. Mimi mwenyewe napendelea prodyuza abaki na asilimia, kwa sababu prodyuza mwenye asilimia anaupigia debe wimbo, na hiyo ni haki yake, hawa watu wamebeba muziki wetu miaka mingi wakiwa wanaishia kutajwa mwanzoni mwa wimbo tu.

DistroKid na wengine wana sehemu ya kugawa mapato moja kwa moja, kila mtu anapokea chake kwenye akaunti yake. Itumie, inaondoa maneno.

Kuna haja ya kujiandikisha COSOTA na BASATA?

Ndiyo. Haki yako ya utunzi inaanza pale wimbo unapokuwepo, lakini siku ya kesi unahitaji ushahidi, na usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ni ushahidi. COSOTA ilitokana na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, Zanzibar wana COSOZA yao. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ni upande wa kutambulika kama msanii na vibali. Wakenya mna KECOBO kwa usajili, na vyama vyenye leseni kwa makusanyo, Uganda wapo UPRS.

Kuna anayesema makaratasi hayana maana huku kwetu. Namkumbusha kesi ya marapa wa Bongo AY na MwanaFA, walioishtaki kampuni ya simu kwa kutumia nyimbo zao kama miito bila ruhusa, na mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Kesi ikaendelea kwenye rufaa, lakini baada ya hukumu ile makampuni yalianza kuongea na wasanii kwa lugha nyingine. Wasingekuwa na uthibitisho kwamba nyimbo ni zao wasingefika popote.

YouTube inaanza kulipa lini?

Ukifikisha sabskraiba 1000 na saa 4000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au shorts (video fupi) zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, unaomba kuingia kwenye mpango wao wa malipo. Ukikubaliwa unafungua AdSense, akaunti ya Google ya kupokelea pesa za matangazo, na pesa inatumwa ikifika dola 100.

Sasa kuna kizingiti ambacho kinawakwamisha wengi kuliko hizo saa 4000. Mapato yakifika dola 10 Google wanatuma barua ya posta, barua ya karatasi kabisa, yenye PIN ya kuthibitisha anwani yako. Nyumba yako haina namba inayojulikana na posta, huna sanduku. Watu wanaandika "Mbagala karibu na msikiti" wanasubiri barua isiyokuja. Tumia S.L.P ya ofisi unayofanya kazi, ya shule, ya parokia, au ya mzazi, uombe ruhusa kwanza na uwaambie kabisa kuna barua ya jina hili itakuja. Jina kwenye AdSense liwe la kitambulisho, siyo la kisanii, la sivyo hata benki watakurudisha.

Jaza na fomu ya kodi ya Marekani humohumo. Watazamaji walioko Marekani pesa yao inakatwa kodi ya kule, na kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani makato ni asilimia 30 ya hiyo sehemu ya Marekani tu. Usipojaza wanaweza kukata kwenye mapato yako ya dunia nzima, siyo ya Marekani tu.

Na chaneli ifunguliwe kwa imeili yako, namba ya kurudishia paswedi iwe yako. Meneja, dairekta wa video, mtu wa mitandao, wape ruhusa kupitia mipangilio ya chaneli, wasijue paswedi. Nimeona chaneli yenye mamilioni ya watazamaji imebaki na mtu aliyekuwa anashuti video tu, kisa yeye ndo alikuwa na laptop siku ile inafunguliwa.

Ngoma yangu imetrendi TikTok ila sioni pesa.

TikTok yenyewe usiitegemee kwa pesa, itegemee kwa kuleta watu. Cha kwanza hakikisha ile sauti inayotumika imetoka kwa msambazaji wako na ina jina lako, siyo sauti aliyorekodi mtu kwenye video yake ikaitwa "sauti halisi ya fulani", maana hapo strimu na sifa zote zinamwendea yeye. Cha pili, msambazaji anakuruhusu kuchagua sekunde ipi ianze, chagua ile sehemu ya kuimbwa na watu, usiache intro ya prodyuza. Cha tatu, wimbo mzima uwepo kwenye maduka yote siku clip inapoanza kutembea. Clip inatembea wiki mbili wimbo haujatoka, ukitoka watu wameshahamia nyingine.

Nitoe wimbo siku gani?

Ijumaa ndo siku ya dunia. Ila upandishe kwa msambazaji wiki tatu au nne kabla, ili uwahi kuupendekeza kwa wahariri wa pleilisti ndani ya Spotify for Artists, wanataka angalau siku 7 kabla ya kutoka. Ukiuwasilisha Alhamisi utoke Ijumaa umejinyima mwenyewe.

Kalenda yetu nayo iheshimu. Ramadhani ngoma za starehe zinalala, redio zinapunguza, mashabiki wenyewe wamefunga, ila qaswida zinasikilizwa sana. Idi pili na Idi mosi watu wanatoka, uwe tayari. Wa gospel wana Pasaka na Desemba. Wimbo wa harusi utoe kabla ya msimu wa harusi ili MC na DJ wawe wameshauzoea.

Ninunue watazamaji au strimu ili nionekane nimekua?

Hapana. Spotify tangu 2024 wanawatoza wasambazaji faini kwa nyimbo zenye strimu za bandia, msambazaji anakuhamishia faini au anakufuta kabisa. Na hata usiposhikwa umeharibu data zako, mfumo unadhani wanaokupenda wapo nchi usiyoijua, unaacha kukupeleka kwa watu wa Mwanza ambao wangekupenda kweli.

Blogu za kudaunlodi bure nizikatae?

Kama zinakuomba ruhusa na zinaweka linki ya kwako, mwanzoni zinasaidia, wale vijana wa kwenye vibanda wanaoweka nyimbo kwenye flashi za bajaji na daladala wanatoa hukohuko, na wimbo unaopigwa kwenye bajaji Tegeta una thamani yake. Ukishakuwa na jina anza kuwabana.

Miito ya simu bado inalipa?

Kenya Skiza ya Safaricom imewalisha wasanii wengi, hasa wa gospel na wa lugha za makabila. Tanzania ipo pia kwenye mitandao yote mikubwa. Huingii mwenyewe, unapita kwa kampuni ya kati. Uliza kabla ya kusaini: mtandao unachukua ngapi, kampuni inachukua ngapi, mimi nabaki na ngapi, ripoti nitaipata kila baada ya muda gani. Asiyejibu swali la ripoti achana naye.

Nimepewa mkataba wa lebo, niangalie nini?

Peleka kwa wakili, hata yule kijana wa sheria wa mtaani kwenu ni bora kuliko kusoma peke yako huku umefurahi. Angalia rekodi zitakuwa za nani na kwa miaka mingapi, ukiondoka unaondoka na nini, chaneli na kurasa zako ni za nani, na gharama za video na nguo zinakatwa kwenye sehemu yako au kwenye pesa yote kabla ya kugawana. Harmonize alitoka WCB, lebo ya Diamond, mwaka 2019 akaanzisha Konde Music Worldwide, Rayvanny akatoka 2022 akaendelea na Next Level Music, wote wakaendelea kuwa wakubwa, lakini Harmonize alieleza hadharani kwamba kutoka kulimgharimu pesa nyingi. Lebo siyo adui, WCB imewapa watu njia ambayo wasingeipata peke yao. Ila kipengele cha kuondoka kisome kabla ya kipengele cha gari.

Naimba singeli, hizi mambo zinanihusu kweli?

Zinakuhusu kuliko wote! Singeli ya Sisso Studios ya Mburahati, Dar, ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, wazungu wakaisikia, na vijana wa uswahilini wakaitwa kwenye matamasha ya Ulaya. Hawakupunguza spidi wala kubadili lugha. Kuna wasikilizaji duniani wanatafuta kitu ambacho hakipo kwao, taarab, singeli, ngoma za pwani, na wengi wao wananunua albamu nzima kwenye Bandcamp, ambako duka linabaki na asilimia 15 tu ya mauzo ya kidijitali. Andika maelezo mazuri, majina ya wapigaji, mahali iliporekodiwa. Hao watu wanayasoma.

Pesa inanifikiaje?

Kenya unaweza kutoa PayPal kwenda M-Pesa. Tanzania wengi wanatumia Payoneer kwenda benki, AdSense inakuja benki moja kwa moja. Tegemea kuchelewa miezi miwili mitatu, strimu za Januari usizidai Februari. Fungua TIN, weka rekodi. Kenya tangu 2023 kuna kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya maudhui ya kidijitali, na mamlaka za nchi zote wanaangalia upande huu zaidi kila mwaka.

Mtu kaupandisha wimbo wangu kwenye chaneli yake, nifanye nini?

Usianze na matusi kwenye komenti, anafuta na ushahidi unapotea. Piga skrini yenye tarehe, jina la chaneli na linki. Kama wimbo wako upo kwenye Content ID na una haki zote, mwambie msambazaji adai mapato ya ile video, mara nyingine ni bora iendelee kutazamwa pesa ije kwako. Kama unataka ishuke, jaza fomu ya hakimiliki ya YouTube kwa jina lako halisi. Mwenzio akipinga, YouTube wanakupa siku 10 za kazi uonyeshe umechukua hatua ya kisheria, la sivyo video inarudi, na hapo ndo ile karatasi ya studio na usajili wa COSOTA vinapohitajika, viwe tayari kwenye simu. Usijaze fomu kwa hasira kwenye video ambayo huna uhakika nayo, chaneli ya mtu ikipata maonyo matatu inafutwa, na ukidai uongo na wewe ya kwako inaweza kufungwa.